Nilikanda kisigino mpaka kikavilia damu, nimekosea wapi?

Mwanangu mshauri,

Salaam. Nakuita mwanangu kwa sababu mjukuu wangu ndiye anayenisomea safu yako kwenye simu, na anasema maneno yako ni ya kijana. Kama nimekosea umri, nisamehe.

Mimi ni mama wa miaka 52, niko Kigoma, na kazi yangu ni dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi ikiingia asubuhi nanunua, naanika, nageuza, nafunga magunia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, nilikaa barazani miezi mitatu nikiuza vitumbua. Sikuumwa hata ukucha. Lilipofunguliwa nikarudi kwa hasira ya njaa, karai kichwani toka alfajiri mpaka jua la mchana, na haikufika mwezi kisigino cha kulia kikaanza.

Nikiamka saa kumi na moja nikiweka mguu chini ni kama nimekanyaga msumari. Nashika ukuta mpaka chooni. Nikishazunguka kidogo inalegea, nasahau kabisa. Jioni nikipandisha kilima kurudi nyumbani, hiyo tena. Maumivu yako chini, upande wa ndani, pale kisigino kinapoishia na uvungu wa unyayo unapoanzia.

Sasa ni miezi minane naumwa. Kwenye zahanati moja ya kulipia nilipigwa eksirei, nikaambiwa mfupa umeota mwiba kisiginoni. Nikapewa vidonge vya maumivu, ambavyo nameza mpaka leo kila ikizidi, na nikaambiwa visiponifaa nichomwe sindano palepale panapouma. Jirani akanifundisha kukanyaga tofali la moto lililofunikwa majani. Mume wangu ni seremala, akanichongea gogo la mninga, la duara, kama mti wa chapati ila nene. Kijana wangu wa Dar es Salaam naye akaniletea vitu viwili: kipira kigumu chenye miba ya plastiki, na mashine ya kukandia ya kuchaji, ile inayoshikwa kama bastola na kudunda.

Sasa mimi si mtu wa kufanya kazi nusu. Nilisimama juu ya gogo kwa mguu mmoja, na uzito wangu ni kilo 84, nikasukuma nusu saa huku nimeuma upindo wa khanga. Nikamalizia na mashine, namba ya juu kabisa, juu ya mfupa wenyewe, maana niliambiwa ule mwiba lazima usagike. Siku ya nne unyayo ukavilia damu, rangi ya zambarau kama biringanya. Siku tatu sikushuka mwaloni. Mvua ikanyeshea dagaa wangu kwenye vichanja, hasara yake siiandiki hapa.

Naomba uniambie: kifaa kipi ni sahihi kati ya hivi? Ni kweli kwamba kisipouma hakifanyi kazi? Sindano nikubali? Na kijana anauliza kama mashine airudishe dukani, ameinunua elfu 85.

Nilitaka kusahau. Usiku miguu yote miwili huwa inawaka, na vidole kama vina ganzi. Hiyo nadhani ni uchovu na baridi ya ziwa, usishughulike nayo.

Mama wa Dagaa, Kibirizi

*

Mama wa Dagaa, shikamoo. Umri hukukosea sana.

Umeniambia nisishughulike na hiyo ya mwisho. Nitakuasi, maana ndiyo ninayoanza nayo. Kisigino kimoja kinachouma alfajiri ni habari ya kisigino. Miguu yote miwili kuwaka usiku na vidole kufa ganzi ni habari ya mishipa ya fahamu, na kwa mtu wa umri wako jambo la kwanza la kutafutwa ni kisukari. Kabla hujagusa tena gogo, kipira wala mashine, nenda kapime sukari asubuhi kabla hujala kitu, hata chai. Namba ikiwa 7.0 au zaidi (kwa kipimo cha mmol/L), na ikirudiwa siku nyingine ikawa hivyohivyo, hicho ni kisukari na matibabu yanaanza mara moja. Ikiwa safi, usishangilie ukaondoka. Mwambie daktari ganzi bado ipo, aendelee kuitafuta. Upungufu wa vitamini B12 nao hufanya hivyo, na zipo sababu nyingine.

Kwa nini nakaza neno hapa wakati wewe umeuliza habari ya vifaa? Kwa sababu kifaa chochote cha kukandia kinategemea kwamba mguu utakwambia "inatosha". Mguu wenye ganzi hausemi. Unaweza kusukuma kipira cha miba mpaka ngozi ichubuke ukadhani umekanda vizuri, na tofali la moto likakuunguza wewe ukisikia joto tamu tu. Leo lengelenge, wiki ijayo kidonda, na kidonda cha mguu kwenye kisukari ni safari ndefu sana, nyingine huishia kwenye kukatwa mguu. Kwa hiyo tofali liache leo hii. Jirani alikuwa na nia njema.

Jioni hii fanya jambo moja. Lala kitandani, fumba macho, na mjukuu wako, huyo msomaji, akuguse vidole vya miguu kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi, sekunde moja au mbili. Aguse kidole gumba, cha katikati na kile kidogo cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, akichanganya mpangilio. Jumla ni miguso sita, na kila ukiusikia mguso useme ni mguu upi. Asikandamize, asitekenye, na pale ulipokosa asirudie. Watoto wana huruma, atataka ushinde. Ukikosa miwili au zaidi, hisia zimepungua, na vifaa vyote vikae kabatini mpaka miguu ionwe na daktari. Ukipata yote sita, kipimo cha sukari bado kiko palepale, ila twaweza kuongea habari ya kisigino kwa moyo mtulivu.

Haya, kisigino.

Chini ya unyayo kuna utando mpana, mgumu, ulioshikizwa kwenye mfupa wa kisigino upande wa ndani, ukatawanyika mpaka kwenye mashina ya vidole. Ndio unaozuia uvungu wa mguu usilale chini kila unapokanyaga. Wewe umeishi na mitumbwi, unajua kamba yake inavyochakaa: mara nyingi haianzii katikati, huchakaa pale ilipofungwa. Utando wako umechakaa palepale ulipofungwa, ndiyo maana kidole chako kimeonyesha kwa usahihi "pale kisigino kinapoishia na uvungu unapoanzia". Wataalamu wanaiita fasaitisi ya unyayo. Usiku ukilala, nyayo zinaelekea chini, kigimbi kinajikunja, utando nao unatulia ukiwa mfupi. Alfajiri unaunyoosha ghafla kwa kilo 84, nao unapiga kelele. Ukishatembea kidogo unalainika, jioni ukichoka unalalamika tena. Umeieleza kama mtu aliyesomea.

Na sababu umeitaja mwenyewe bila kujua. Miezi mitatu barazani, halafu karai kichwani kutwa nzima. Utando, kano na misuli hulegea usipovitumia, na havirudi kwenye nguvu kwa siku moja kwa sababu tu ziwa limefunguliwa. Ongeza kilima cha kurudi nyumbani, kinachokaza kigimbi kila jioni. Ongeza na viatu, ambavyo hukuvitaja, nami naogopa kuuliza. Nadhani ni kandambili zilizolika kisiginoni, au peku kabisa.

Sasa ule mwiba. Mama, hausagiki. Ni mfupa, na mfupa hausagwi kwa mninga wala kwa mashine ya elfu 85. Tena si adui unayemdhania: watu wengi sana wana mwiba wa namna hiyo na hawajawahi kuumwa kisigino, na wengine wanaumwa kama wewe na eksirei haionyeshi kitu. Watu hupona maumivu na mwiba ukabaki pale ulipo. Ulipoisukuma mashine juu ya mfupa hukuusaga mwiba, ulipondaponda mto wa mafuta ulio chini ya kisigino, ule unaopokea kishindo kila unapokanyaga. Na gogo, kwa uzito wako wote juu ya mguu mmoja, likapasua vijishipa vya damu. Hiyo zambarau ndiyo damu yao.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu kabla ya la kwanza: si kweli kwamba kisipouma hakifanyi kazi. Hili neno limeumiza watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nalo limetoka kwenye mazoea yetu ya kuchuliwa, kwamba mchuaji hodari ni yule anayekutoa machozi. Kukanda hakusagi mwiba, hakuyeyushi uvimbe, hakurefushi utando. Kunachofanya ni kutuliza: mishipa ya fahamu inapata habari nyingine badala ya maumivu, misuli midogo ya unyayo inalegea, na wewe unapata dakika kadhaa au saa kadhaa za nafuu ambazo unaweza kuzitumia kufanya mazoezi yanayotibu. Kazi yake ni hiyo. Na kutuliza hakuhitaji nguvu. Mtoto anayelia hatulizwi kwa kutikiswa.

Kipimo changu cha nguvu ni hiki. Ukiwa unasukuma, msimulie mjukuu hadithi. Sauti ikikatika, uso ukikunjika, au ukijikuta umeshika pumzi, umezidisha. Kuuma khanga ni mbali sana kupita hapo. Kwa namba, kama 0 ni hakuna na 10 ni yasiyovumilika, usivuke 4. Na hakimu wa mwisho ni alfajiri inayofuata: hatua ya kwanza kutoka kitandani ikiwa mbaya kuliko ya jana, basi jana ulizidisha, leo punguza nusu. Ikiwa sawa au nafuu, endelea hivyohivyo.

Kwanza subiri rangi ya zambarau iishe na unyayo ushikike bila kuuma zaidi ya kawaida yake. Kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili. Katika muda huo usikande kitu.

Baada ya hapo, na ganzi ikishachunguzwa, kifaa cha kwanza ninachokupa ni cha bure: kidole gumba chako na mawese kidogo. Kaa kwenye kigoda, weka kisigino cha kulia juu ya paja la kushoto. Kwa mkono wa kulia vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko mpaka uvungu ukaze; utaona na kugusa kitu kama uzi mnene kimesimama chini ya ngozi. Huo ndio utando. Ukiushika hivyo uvute ukihesabu mpaka 10, uachie, mara 10. Kisha legeza vidole, na kwa kidole gumba cha kushoto pitisha taratibu kwenye nyama ya uvungu, kutoka mbele ya kisigino kwenda kwenye vidole, dakika mbili. Usichimbe pale penye maumivu yenyewe. Zunguka jirani yake. Fanya mara tatu kwa siku, na ile ya kwanza ifanye kitandani, kabla mguu haujagusa sakafu. Hii ya kabla ya sakafu ukiiruka, zilizobaki zinapoteza nusu ya thamani yake kwako, kwa sababu adui yako ni alfajiri.

Kifaa cha pili ni chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, iliyojaa na kufungwa vizuri. Kaa. Narudia, kaa, usisimame. Chupa iwe sakafuni, mguu juu yake, uzito uwe wa mguu tu na si wa mwili. Sukuma kuanzia mbele kidogo ya kisigino mpaka nyuma ya mashina ya vidole, nenda rudi polepole, dakika moja au mbili siku za mwanzo, usipite tano. Kisigino chenyewe, ule mfupa, usiupitie. Mpira wa tenisi nao unafaa kwa namna hiyohiyo. Chupa ya soda ya kioo siipendi: nimeshasikia watu wakiisimamia, na kioo kikipasuka chini ya unyayo hakuna tena mazungumzo ya fasaitisi. Chupa ya plastiki ukiigandisha kwenye friji inatuliza vizuri jioni, lakini ifunge kitambaa, isizidi dakika 10, na hii ni kwa miguu yenye hisia kamili tu. Ukikosa ile miguso, barafu usiiguse.

Gogo la mzee usilitupe, ameliwekea moyo wake. Ila ni gumu mno kwa sasa. Mwezi ukipita na kisigino kikipungua, lizungushie khanga kuukuu mara mbili tatu, ulitumie umekaa. Kipira cha miba kipe likizo mpaka tujue habari ya ganzi, na hata baadaye kitumike na soksi mguuni. Kabla na baada ya kifaa chochote tazama unyayo wako, na pale usipofika kwa macho tumia kioo: ukiona mpasuko, lengelenge, au ngozi iliyochubuka, siku hiyo hakuna kukanda. Nanyi watu wa mwalo, magaga ya kisigino ni majirani wenu wa muda mrefu. Magaga yakichimba mpaka nyama nyekundu, kwanza yatibiwe.

Mashine. Kijana asiirudishe, lakini ihame mahali. Kwenye unyayo sitaki uipeleke, na juu ya mfupa wa kisigino, kwenye vifundo, kwenye ugoko na nyuma ya goti ni marufuku. Pahali pake ni kigimbi, ile nyama nene, kwa kile kichwa cha mpira laini, namba ya chini kabisa, dakika moja hadi mbili kila mguu, ikiwa inatembea na si kusimama mahali pamoja. Kigimbi kikilegea, mvuto kwenye kisigino unapungua, hapo elfu 85 itakuwa imerudisha kitu. Lakini sikiliza masharti yake: mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto na unauma kigimbini, usikande kwa mkono wala kwa mashine, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mwenye mishipa ya miguu iliyotutumka, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza.

Hapo nimemaliza vifaa, na nikikuachia hapo nitakuwa nimekudhulumu, kwa sababu hakuna hata kimoja kinachorudisha nguvu kwenye kamba iliyochakaa. Kinachorudisha ni kuibebesha mzigo kidogokidogo. Tafuta ngazi ya kibaraza, yenye kitu cha kushika pembeni. Kunja khanga iwe kama mviringo, uiweke kwenye ukingo wa ngazi, panda juu yake ili vidole viwe vimeinuka na visigino vikining'inia nje. Panda kwa ncha za miguu ukihesabu tatu, simama juu ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Anza kwa miguu yote miwili, mara nane tu, siku moja ufanye na siku moja upumzike. Ukizoea, fika mara 12 kwa awamu tatu, kisha ujaribu mguu mmoja. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walilinganisha zoezi hili na kunyoosha unyayo: baada ya miezi mitatu walionyanyua visigino walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Baada ya mwaka mzima makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Yaani wengi hupona, ila hawa walifika mapema. Nakwambia hili usije ukaacha wiki ya pili. Wiki za kwanza hutaona kitu.

Viatu. Kandambili iliyolika inakufanya utembee kama uko mtaroni. Nenda soko la Mwanga kwenye raba za mtumba, shika kiatu kwa mikono miwili ukikunje: kikijikunja katikati kama chapati, kiache, kikijikunja pale vidole vinapojikunjia, ni chako. Kisigino kiwe kinene kidogo kupita mbele, na nyuma pawe pagumu. Mwaloni kitaloa na kunuka, najua, kwa hiyo nunua jozi mbili za bei nafuu badala ya moja ya fahari. Na nyumbani, kama sakafu ni saruji, ndala nene zikae chini ya kitanda, upande uleule unaoshukia, ili usitembee peku ukishatoka kwenye chandarua.

Kazini sikuombi uache dagaa, ningekuwa mjinga. Naomba tu ubebe nusu karai mara mbili badala ya karai zima mara moja, ugeuze dagaa umekaa kwenye kigoda pale kichanja kinapokuruhusu, na kile kilima cha jioni ukipande kwa bodaboda kwa wiki sita, hata kama roho inauma kwa nauli. Na jambo moja ambalo nyinyi wa ziwani mnalo na wengine hawana: mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo mwezi ukiwaka mitumbwi haiingii, mnapumzika, mguu unapata nafuu, halafu giza likirudi unaingia kwa kasi ileile iliyokuumiza Agosti. Siku za mbalamwezi usikae kabisa. Tembea kidogo, fanya ngazi, na siku mbili za kwanza za giza mchukue kijana akusaidie kubeba.

Vidonge unavyomeza "kila ikizidi" kwa miezi minane vinanitia wasiwasi. Kama ni vya jamii ya diklofenaki, huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuchosha figo. Ukienda kupima sukari beba pakiti, pima na presha palepale.

Na sindano? Nadhani ni ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Aliyeipendekeza si mwongo, hutuliza, ila kwa kawaida ni wiki kadhaa, kisha maumivu mara nyingi hurudi. Gharama yake ni kwamba huweza kudhoofisha utando mpaka ukakatika, na kupunguza ule mto wa mafuta ambao wewe tayari umeuponda. Kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Siikubali kwako kabla ya majibu ya sukari na kabla ya miezi mitatu ya ngazi. Baada ya hapo, kama bado, uiongee na daktari uso kwa uso, na uulize kitengo cha fiziotherapia kwenye hospitali ya mkoa pale Maweni.

Usisubiri hiyo miezi mitatu ikiwa kisigino kinauma hata umelala, au ukikibana kwa viganja kutoka pande zote mbili kinauma zaidi kuliko kukibonyeza chini, maana huenda mfupa una ufa, au siku moja ukasikia "pa!" chini ya unyayo na uvungu ukavimba, au pakawa pekundu, pana joto na wewe una homa.

Umeniambia hukuumwa hata ukucha ulipokuwa ukiuza vitumbua. Namba ya sukari ukiipata, mwambie mjukuu aniandikie hiyo kwanza, na ile hesabu ya miguso sita. Habari za kisigino zifuate.